Kupima shamba la kahawa kwa kifaa cha bei nafuu bila kumsogezea jirani mpaka

Ninapima mashamba ya kahawa kwa simu na vipokezi vya setilaiti (GPS na wenzake), kwa niaba ya chama cha wakulima katika wilaya ya Kasese, Uganda, upande wa Bwera na Kisinga. Kazi imeongezeka tangu Umoja wa Ulaya upitishe sheria yake ya mwaka 2023 kuhusu mazao na ukataji wa misitu. Sheria hiyo inataka kahawa inayoingia kule ionyeshe shamba ilikotoka, na shamba hilo lisiwe limefyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kwa nukta moja. Likizidi hapo, mpaka wote unachorwa. Sheria inadai latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya desimali. Hapa kwetu kwenye ikweta, tarakimu ya sita ni kama sentimita 11. Simu uliyo nayo, hata chini ya anga wazi kabisa, hukosea mita 5 hivi. Kwa hiyo tarakimu ya sita, na ya tano pia, simu inaziandika kwa kujaza nafasi tu.

Mkulima mwenyewe hajali tarakimu. Anataka kujua eneo lake, ili ajue anunue mbolea kiasi gani na apande miche mingapi. Tuseme shamba ni mraba wa mita 50 kwa 50, yaani robo hekta. Kila kona ikiyumba mita 3 mashariki au magharibi, na mita 3 kaskazini au kusini, kila moja kivyake, eneo litapanda au kushuka kwa mita za mraba 200 hivi kati ya 2,500. Kwa nafasi ya futi 8 kwa 8, hiyo ni miche ya arabika zaidi ya 30. Lakini kona zote nne zikikosea mita 3 kuelekea upande uleule, eneo halibadiliki hata kidogo. Shamba zima limehama tu. Shika jambo hilo. Nusu ya ujanja wa vifaa vya bei nafuu ni kuyafanya makosa yawe ya pamoja, kisha kuyaondoa yote kwa mkupuo.

Ninayoyaandika hapa hayafai kwa kesi ya ardhi. Mpaka wa hati miliki ni kazi ya mpimaji aliyesajiliwa, na asikudanganye mtu.

Simu kwanza

Kabla ya kununua chochote, ibane simu yako itoe yote iliyo nayo. Weka GPSTest, programu ya bure ya Android. Inakuonyesha kila setilaiti, masafa yake na nguvu ya wimbi lake. Nguvu ikipita 40 ni nzuri. Ikishuka chini ya 30, setilaiti hiyo inakuletea shida kuliko msaada. Angalia pia kama unaona masafa ya L1 pekee au na ya L5 (kwa Galileo, setilaiti za Ulaya, huitwa E1 na E5a). Simu za kwanza zenye masafa mawili zilitoka mwaka 2018, na sasa zipo hata za bei ya kati. Tofauti si ndogo. Msimbo wa L5 unakwenda kasi mara kumi ya ule wa zamani wa L1, kwa hiyo kifaa hutenganisha kwa urahisi zaidi wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga bati au mwamba kwanza.

Zima hali ya kuokoa betri. Simu hupenda kuzima kipokezi chake kwa vipande vya sekunde ili chaji idumu, na kila kikizimwa hupoteza uzi wa wimbi. Kwenye chaguo za wasanidi programu, tangu Android 9, kuna kipengele cha kulazimisha vipimo kamili vya GNSS, yaani vya setilaiti zote za mahali. Kiwashe unapopima, kizime ukirudi nyumbani.

Usipime kwa nukta ya buluu ya ramani ya kawaida. Nukta ile ni mchanganyiko wa setilaiti, minara ya simu na Wi-Fi, na huwezi kujua muda huu imeegemea nini. Tumia programu inayosoma setilaiti peke yake na inayoandika kila sekunde. Mimi natumia SW Maps. Ukifika mahali pasipo mtandao, isimamishe simu dakika kadhaa kwenye uwazi kabla ya kuanza. Setilaiti ya GPS hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, na jani likikatiza wimbi katikati, simu huanza kuzisubiri upya.

Jambo moja la huku mpakani Mpondwe: simu hupenda kushika mnara wa Kongo. Setilaiti hazijali, ila saa ya simu hurudi nyuma saa nzima, kwa kuwa mashariki ya Kongo iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiandika kwenye daftari kwamba kona ya tatu uliipima saa tatu na dakika kumi, halafu faili linasema vingine, utakesha. Zima kile kipengele cha saa kujirekebisha kwa mtandao, na iweke saa ya Uganda kwa mkono.

Mahali pa kusimama

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya. Wao husema hakikisha upande wa kusini uko wazi, maana kwao kaskazini kuna tundu angani lisilopitwa na setilaiti. Sisi tuko katikati ya dunia, na mambo ni mengine. Njia za GPS zimeinama nyuzi 55, kwa hiyo mtu aliye kwenye ikweta akitazama kaskazini kamili au kusini kamili hapati setilaiti ya GPS chini ya nyuzi 20 hivi kutoka kwenye upeo. Zile za karibu na upeo ziko mashariki na magharibi. Kama huna budi kusimama karibu na nyumba au ukingo wa kilima, ni nafuu kizuizi hicho kifupi kiwe kaskazini au kusini kwako. Mabonde ya Rwenzori yanayoteremkia mashariki yanatusaidia hapo. Kule Kilembe, ambako kuta za bonde zinabana kila upande, kubali tu kwamba setilaiti ni chache, na ukae muda mrefu zaidi.

Adui mkubwa ni mwangwi. Kifaa hupima muda ambao wimbi limesafiri, na sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sentimita 30 za makosa. Wimbi lililogonga paa la mabati, lori lililoegeshwa au ukuta wa mawe limechelewa, nalo kifaa hulihesabu kama vile setilaiti iko mbali zaidi. Ukikaa hapohapo dakika kumi ukichukua wastani, unapata wastani wa uongo uleule. Kisichosemwa sana ni kwamba setilaiti za GPS hurudia mpangilio wao kila siku, dakika 4 mapema zaidi, na mwangwi hurudi nao. Ukirudi kesho saa ileile kuhakiki kipimo, kosa litakukubalia kwa furaha. Rudi saa tofauti: asubuhi mara moja, alasiri mara moja. Vipimo viwili vifupi vilivyoachana saa kadhaa vina thamani kuliko kimoja kirefu.

Mwili wako pia ni kizuizi, maana ni maji matupu. Usishike simu kifuani. Ifunge kwenye ncha ya mti wa mwanzi, uso ukitazama juu, uinue ipite kichwa.

Sahani ya chuma

Ukiamua kununua kipokezi, fedha yako isiishie kwenye kipokezi. Antena ndogo za mraba zenye sumaku, zinazouzwa pamoja na vipokezi hivi, zimetengenezwa zikae juu ya paa la gari, yaani juu ya chuma. Ukiiweka kwenye ncha ya mti mtupu, inapokea mwangwi kutoka ardhini chini yake na mawimbi ya setilaiti yanadhoofika. Dawa ni bamba la chuma la upana wa sentimita 10 hadi 20, antena ikae katikati kabisa. Usihangaike na mfuniko wa sufuria: sufuria zetu ni za alumini na sumaku haishiki. Mfuniko wa kopo la rangi la lita 4 ni chuma, ni mviringo, na fundi rangi yeyote atakupa bure. Toboa katikati, funga kwa bolti kwenye mti, umemaliza.

Weka na pimamaji ndogo kwenye mti. Mti wa mita 2 ukiinama nyuzi 5 umeihamisha antena sentimita 17. Kwa simu hilo si kitu, lakini kwa kipokezi cha kisasa hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyobaki.

Saa ya kupima

Juu yetu, kwenye tabaka la ionosfia, jua linang'oa elektroni kutoka kwenye gesi, na elektroni hizo huchelewesha mawimbi. Ikweta ya sumaku ya dunia haipiti Uganda, inapita Ethiopia. Elektroni husukumwa kutoka juu yake na kujikusanya katika mistari miwili, kama nyuzi 15 kaskazini na 15 kusini, na sisi tuko kwenye mteremko wa kuelekea mstari wa kusini. Saa nane mchana, miaka ambayo jua ni kali, ucheleweshaji kwenye L1 unaweza kupita mita 10. Kifaa cha masafa ya aina moja hujirekebisha kwa kanuni inayotangazwa na setilaiti zenyewe, lakini kanuni hiyo huondoa takriban nusu tu. Kifaa cha masafa mawili huondoa karibu yote, kwa kuwa ucheleweshaji hutofautiana kwa kila masafa na tofauti hiyo inapimika. Hiyo ndiyo sababu nasema mtu wa Uganda anahitaji masafa mawili kuliko mtu wa Uingereza.

Mfumo wa Ulaya wa masahihisho, EGNOS, haukuwekwa kwa ajili ya eneo letu. Ukiona kwenye mipangilio chaguo la SBAS, yaani mifumo ya namna hiyo, lizime.

Kwa hiyo pima asubuhi, kati ya saa moja na saa nne. Umande unakera, na majani yaliyolowa hupunguza nguvu ya wimbi, hivyo baada ya mvua subiri yakauke. Baada ya jua kuzama usipime kabisa, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa sita, ionosfia huchafuka mapovu na mawimbi hutetemeka hadi kifaa kinapoteza setilaiti moja baada ya nyingine. Jua lilikuwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 karibu na mwaka 2024, na athari hazijaisha mara moja.

Kama lengo lako ni eneo tu, na una simu tu: zunguka mpaka haraka, bila kusimama kupiga soga, na umalize katika mzunguko mmoja. Makosa ya ionosfia hubadilika polepole, kwa hiyo kona zilizopimwa ndani ya dakika kumi hukosea pamoja kuelekea upande mmoja. Ukipima kona mbili kabla ya chai na mbili baada ya chakula, umeyatenganisha makosa kwa mikono yako mwenyewe.

Zunguka na mwenye shamba pamoja na majirani wote wanaopakana naye, na mwenyekiti wa kijiji (LC1) akipatikana. Kifaa hakijui mpaka uko wapi. Wazee ndio wanajua, na wakibishana, kaa chini usubiri wamalize.

Besi yako mwenyewe

Hapa ndipo mita zinageuka sentimita. Unahitaji vipokezi viwili vinavyosikia setilaiti zilezile. Kimoja, besi, kinakaa mahali palipojulikana. Cha pili, rova, kinazunguka. Kwa kuwa besi inajua iko wapi, makosa yote inayoyaona ni ya setilaiti na anga. Rova iliyo jirani inapata makosa hayohayo, basi yanafutana. Kipokezi kilichobadilisha kazi hii kwa watu wa mfuko mdogo ni u-blox ZED-F9P, cha masafa mawili (L1 na L2), na bodi yake inauzwa dola 200 na ushee. LC29H ya Quectel, ya L1 na L5, ni nafuu zaidi na inatosha kwa mashamba, ila vipokezi vyote viwili viwe vya aina moja: besi ya L2 na rova ya L5 havifaidiani ipasavyo.

Besi iweke juu ya ghala la chama au kwenye nguzo fupi ya zege yenye nondo katikati. Muhimu isitikisike, na kusiwe na kitu kirefu kuizidi. Iache irekodi data ghafi saa 24. Geuza faili liwe la RINEX, muundo ambao programu zote za kazi hii husoma, kwa RTKCONV, programu iliyo ndani ya RTKLIB ya Mjapani Tomoji Takasu, ambayo ni bure. Kisha litume kwa huduma ya CSRS-PPP ya serikali ya Kanada, nayo ni bure. Chagua mfumo wa ITRF, wa dunia nzima, si NAD83, maana huo wa pili ni wa Amerika Kaskazini. Utaletewa mahali pa besi kwa usahihi wa sentimita chache. Ukiwa na haraka, jibu la kesho yake linatosha. Ukingoja wiki kama mbili, njia za setilaiti zinakuwa zimekokotolewa kwa ukamilifu. Andika tarehe pembeni ya namba hizo. Bara letu linasogea kuelekea kaskazini mashariki kwa sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na besi inasafiri nalo.

Kuna njia mbili za kuiunganisha rova na besi. Ya kwanza ni papo kwa papo, RTK: besi inatuma masahihisho kwa intaneti, kwa muundo uitwao RTCM, na simu iliyounganishwa na rova inayapokea kwa NTRIP, njia ya kuyasafirisha mtandaoni. Kwenye F9P washa ujumbe 1005, 1074, 1084, 1094, 1124 na 1230. Bando linalotumika ni megabaiti chache kwa saa. Njia ya pili ni kurekodi pande zote mbili kimyakimya na kuoanisha jioni kwa RTKPOST, nayo imo ndani ya RTKLIB. Wengi wanapenda ya kwanza kwa sababu inaonyesha jibu palepale. Mimi napenda ya pili. Ukipanda kidogo tu juu ya Kyarumba mtandao unakatika, na kompyuta jioni inaweza kusoma faili kutoka mwanzo kwenda mwisho na kutoka mwisho kurudi mwanzo, jambo ambalo rova shambani haiwezi. Kumbuka tu kwamba muda wa GPS uko mbele ya saa ya kimataifa kwa sekunde 18, na wa Uganda uko mbele kwa saa tatu, unapotafuta kona yako ndani ya faili.

Umbali kati ya besi na rova usizidi kilomita 10. Kwa ionosfia yetu, mimi hukaa chini ya hapo.

Sasa, fiksi na floti. Kifaa kinajaribu kuhesabu mawimbi mazima kati yake na setilaiti, kila wimbi la L1 likiwa na urefu wa sentimita 19. Kikishaamua hesabu, kinasema fiksi. Kikiwa bado kinakisia, kinasema floti. Chini ya migrevilea na migomba, kifaa huweza kutangaza fiksi ya uongo bila aibu, kikiwa kimekosea nusu mita au zaidi. Usiamini fiksi moja. Igeuze antena itazame chini kwa sekunde chache hadi ipoteze kila kitu, igeuze juu tena, ngoja fiksi mpya, pima upya. Vipimo viwili vikipishana chini ya sentimita 5, kona hiyo imepita. Kwenye mipangilio, kataa setilaiti zilizo chini ya nyuzi 15 na zenye nguvu chini ya 35.

Kona ikiwa katikati ya migomba na fiksi haiji, usibembeleze. Tafuta uwazi jirani, pima nukta mbili zilizoachana mita kumi au zaidi, halafu vuta futi kutoka kila nukta hadi kwenye kona. Urefu wa pande mbili unaipata kona kwenye karatasi. Andika kama kona iko kushoto au kulia ukitoka nukta ya kwanza kwenda ya pili, la sivyo utapata majibu mawili.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka, pima nondo moja ya majaribio karibu na ghala. Ikitoa namba za jana, nenda.

Namba ziwekwe wapi

Wilaya yetu ina mkosi wake hapa. Mstari wa nyuzi 30 mashariki unagawa zoni za UTM, mfumo wa kuandika mahali kwa mita: Bwera iko magharibi yake, zoni 35, na Kasese mjini iko mashariki yake kidogo, zoni 36. Ikweta nayo inapita ndani ya wilaya, kwa hiyo shamba la Bwera lina namba ya kaskazini ya elfu chache, na Katwe, kusini ya mstari, ina namba inayokaribia milioni 10. Hifadhi kila kitu kwa latitudo na longitudo za WGS84, mfumo wa GPS yenyewe, na UTM uigeuzie mwishoni pale tu mtu anapoidai.

Ramani rasmi za zamani za Uganda zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao kwenye programu za ramani una msimbo EPSG 21095 kwa zoni 35 kaskazini na 21096 kwa zoni 36 kaskazini. Ukisoma namba za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS84, shamba linatua karibu mita 300 kaskazini mwa mahali pake, na makumi ya mita magharibi. Mtu akikuletea namba za kipimo cha zamani na kona zake zote zimehama hivyo, kwa umbali uleule, usilaumu kifaa chako wala chake. Badilisha mfumo kwenye QGIS, programu ya ramani, kisha uzitazame tena.